Dozi Nzima au Nusu?

"Dozi nzima au nusu?"

Dada wa duka la dawa aliuliza huku mkasi uko tayari mkononi. Mbele yangu alisimama mama mmoja na mwanawe wa kiume, mtoto wa miaka saba au minane hivi, sweta ya shule kaifunga kiunoni, shingo kaipinda upande kwa maumivu. Kila alipomeza mate alifumba macho.

"Tonsesi zimemkaba tangu juzi, dokta," mama alisema. "Nipe zile za rangi mbili." Akafungua pochi, akahesabu alichokuwa nacho. "Nikatie nusu kwanza. Asipopata nafuu nitarudi."

Mkasi ukapita katikati ya kadi ya amoksilini, dawa ya ukoo wa penisilini. Nusu ikaingia kwenye kibahasha cha kaki kilichoandikwa 1x3 kwa kalamu ya bluu, nusu ikarudi kwenye boksi. Niliiangalia ile iliyorudi. Tarehe ya kuisha muda wa dawa ilikuwa imegongwa pembeni mwake, pamoja na namba ya toleo. Ile aliyoondoka nayo mama haikuwa na tarehe wala namba.

Swali la yule dada limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Si kwa sababu ni geni. Nani kati yetu hajawahi kulisikia? Nauli ya kesho haijapatikana, mtoto hajalala usiku, na nusu ndiyo inayonunulika. Simlaumu yule mama hata kidogo. Kilichonisumbua ni jibu tunalofundishwa wote, lile la mabango ya zahanati: usipomaliza dozi, vimelea watakuwa sugu. Nilitaka kujua kama ni kweli kwa koo la mtoto yule, kwa dawa ile, na kwa bakteria anayesababisha mafindofindo. Nikaanza kusoma na kuuliza. Nilichokikuta kimenilazimu kufikiri upya mara zaidi ya moja.

Bwana X

Desemba 1945, Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alisimama Stockholm kutoa hotuba yake ya Tuzo ya Nobel. Vita vilikuwa vimeisha, penisilini ndiyo kwanza inawafikia raia wa kawaida, na dunia nzima ilikuwa inaisifu. Yeye akamalizia kwa onyo.

Alisimulia kisa cha kubuni cha mtu aliyemwita Bwana X. Bwana X anaumwa koo. Ananunua penisilini mwenyewe na kutumia kidogo tu: haitoshi kuwaua streptokokasi, bakteria wa koo, lakini inatosha kuwafundisha namna ya kuikabili. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anashikwa na nimonia, anatibiwa kwa penisilini, dawa haimsaidii kwa kuwa bakteria wameshakuwa sugu, na anafariki. Nani wa kulaumiwa kwa kifo cha Bibi X? Fleming akajibu mwenyewe: ni mumewe, aliyetumia dawa kwa uzembe.

Niliposoma maneno hayo niliona jambo limekwisha. Koo, streptokokasi, dozi pungufu, usugu, kifo. Kila kitu kilikuwa pale tangu 1945.

Lakini bakteria ambaye Fleming alimchagua kuwa mfano ndiye hasa aliyekataa kufuata kisa chake.

Streptococcus pyogenes, yule wa mafindofindo, anauawa na penisilini leo kama alivyouawa siku hotuba ile ilipotolewa. Stafilokokasi, bakteria wa jamii nyingine, walianza kuishinda penisilini katika miaka ya 1940 hiyohiyo. Vimelea wa kisonono wakafuata. Huyu wa koo, baada ya miaka 80 ya kupigwa na dawa hiyohiyo katika kila bara, kwa dozi nzima, kwa nusu na kwa robo, haijathibitishwa sampuli yake hata moja kutoka kwa mgonjwa iliyo sugu kabisa kwa penisilini.

Wala si kwamba hajui kujifunza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la majini la Marekani liliwapa vijana wa kambi za mafunzo salfadiazini, dawa ya jamii ya salfa, kila siku ili kuzuia maradhi ya koo. Kabla vita havijaisha, streptokokasi sugu kwa salfa walikuwa wametapakaa kambini. Kwa salfa alijifunza upesi. Kwa penisilini hakujifunza.

Wanasayansi wanatoa maelezo kadhaa. Penisilini hujishikiza kwenye protini ambazo bakteria hutumia kujenga ukuta wa seli yake, na inaelekea streptokokasi huyu akizibadilisha protini hizo kiasi cha kuikwepa dawa, anadhoofika yeye mwenyewe, hawezi tena kuambukiza vizuri. Pia si hodari wa kuokota vinasaba vya bakteria wengine. Hilo la pili lina uzito wake, nitalirudia.

Hapo nikakwama.

Niliogopa kuandika. Niliwaza: nikisema hadharani kwamba bakteria wa mafindofindo hajawahi kuwa sugu kwa penisilini, mtu atasoma mstari huo mmoja, afunge simu, aende kukatiwa nusu kadi kwa amani. Nikaliweka jambo kando. Likarudi lenyewe, kwa sababu bado sikuwa nimejibu swali la msingi: kama nusu dozi haimfanyi bakteria huyu kuwa sugu, basi inadhuru wapi?

Jibu liko moyoni

Mtoto akianza amoksilini, siku ya pili au ya tatu homa inashuka. Anacheza. Anakula. Mama anaona kazi imekwisha na kwa macho yake yuko sahihi kabisa. Lakini bakteria wachache bado wako kwenye mafindofindo, na kinga ya mwili inaendelea kuwashambulia. Kwa baadhi ya watoto, wiki mbili au tatu baadaye, kinga hiyohiyo inageukia tishu za mwili wenyewe. Magoti yanavimba, kisha vifundo vya miguu, kisha viwiko. Ndiyo homa ya rumatiki. Magoti hupona. Valvu za moyo, yaani vilango vinavyoongoza damu, mara nyingi haziponi, na kila koo jipya lisilotibiwa linaongeza kovu juu ya kovu.

Dozi ya siku 10 ilitokana na hofu hiyo. Mnamo 1950, madaktari katika kambi ya jeshi la anga la Warren, jimbo la Wyoming, walionyesha kwamba penisilini ikitolewa kwa askari wenye koo la streptokokasi inazuia homa ya rumatiki; baadaye ikaonekana kwamba inazuia hata tiba ikichelewa siku kadhaa. Siku 10 hazikuwekwa kwa ajili ya koo, maana koo lingepoa lenyewe. Ziliwekwa ili kumfuta bakteria kabisa, moyo usiguswe.

Hebu fikiri tungemwambia yule mama hivyo. "Usipomaliza, vimelea watakuwa sugu" ni sentensi inayozungumzia vimelea. "Usipomaliza, moyo wa mwanao unaweza kuharibika" inamzungumzia mwanawe. Sijaiona ya pili kwenye bango lolote.

Tukiingia wodi za moyo, kuanzia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili hadi Mulago kule Kampala, tunawakuta vijana wa miaka ishirini na kitu, wengi wao wanawake, ambao moyo wao uliharibiwa na koo la utotoni. Baadhi wanagundulika wakiwa wajawazito, pale moyo unaposhindwa kubeba kazi ya watu wawili. Wengi hawakumbuki hata koo lenyewe.

Sindano isiyokatwa kwa mkasi

Kuna dawa ambayo haina nusu. Benzathini penisilini, sindano moja ya msuli, mara moja, basi. Inakaa kwenye nyama na kuachia penisilini kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Mama hahitaji kukumbuka asubuhi, mchana na jioni, na hakuna kidonge cha kumwekea mtoto mwingine akiba.

Kwa mtu ambaye homa ya rumatiki imeshamfikia, sindano hiyohiyo inachomwa kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi ili koo jipya lisimpate. Ushahidi wake mzuri kuliko wote umetoka kwetu, na nashangaa hatuutangazi. Kaskazini mwa Uganda, eneo la Gulu, watafiti waliwapima watoto na vijana zaidi ya 100,000 kwa mashine ya mwangwi wa moyo, wakawapata 818 wa miaka 5 hadi 17 wenye dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa wa valvu, dalili ambazo mtoto mwenyewe hazijui. Nusu wakapewa benzathini kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakupewa. Matokeo yalichapishwa 2021. Kati ya wasiochomwa, asilimia 8.2 ugonjwa wao ulisonga mbele. Kati ya waliochomwa, asilimia 0.8.

Dawa ya miaka ya 1950. Gulu. Asilimia 0.8.

Ungetegemea sindano hiyo iwe kwenye kila zahanati. Mara nyingi haipo. Ni ya bei ndogo mno kiasi kwamba viwanda vinavyotengeneza malighafi yake duniani vinahesabika kwa vidole, na kimoja kikisimama, nchi nyingi zinakosa kwa pamoja. Inauma, kweli inauma, yeyote aliyechomwa anajua. Na wahudumu wengi wanaiogopa, kwa sababu kila mmoja amesikia kisa cha mgonjwa aliyeanguka baada ya kuchomwa akafariki. Kuhusu hofu hiyo, mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani (American Heart Association) kilitoa ushauri ambao ningependa kila muuguzi ausome: mzio mkali wa penisilini ni nadra sana, na vifo vingi vilivyotokea baada ya sindano kwa wenye ugonjwa mzito wa valvu inaelekea vilitokana na moyo uliokuwa umeshachoka, si na dawa. Wagonjwa wa aina hiyo, kilisema, wafikiriwe kupewa penisilini ya kumeza. Wengine wote wasio na mzio wa penisilini wachomwe.

Basi dawa ambayo bakteria hajaishinda tunaikosa au tunaiogopa. Na pengo lake limejazwa.

Dawa ya siku tatu

Limejazwa na azithromaisini. Simama dakika kumi kwenye duka lolote la dawa uone: vidonge vitatu, kimoja kwa siku, kwisha. Watu wanaiita kali. Wanaipenda kwa sababu inaheshimu maisha yao, na hilo nalielewa.

Lakini huku kwa azithromaisini na nduguye mkubwa, erithromaisini, ndiko usugu wa streptokokasi uliko. Kwa penisilini hajasogea. Kwa familia hii amesogea mbali.

Niliuona kwa macho. Rafiki yangu mmoja anafanya kazi kwenye maabara ya mikrobiolojia, akaniita nikaangalie. Alinionyesha kisahani cha ageri, rojo la kukuzia bakteria, iliyochanganywa na damu ya kondoo, nyekundu iliyoiva, na juu yake vitone vidogo vya streptokokasi, kila kimoja kimezungukwa na kipete kinachopitisha mwanga pale bakteria walipozila chembe za damu. Kwenye kisahani kingine alikuwa amepanda bakteria haohao wakafunika uso wote, kisha akaweka vidisiki viwili vya karatasi karibukaribu, kimoja kina erithromaisini, kingine klindamaisini. Wameachwa usiku kucha kwenye joto la mwili.

Kandokando ya erithromaisini walikuwa wameota hadi kwenye ukingo wa karatasi. Dawa haikuwagusa. Klindamaisini ilikuwa imewaua na kuacha duara safi, ila duara halikukamilika. Upande ulioelekea erithromaisini ulikuwa umenyooka, ukawa na umbo la herufi D.

"Hapo ndipo wanapoamka," rafiki yangu alisema, akigusa ule mstari ulionyooka kwa ncha ya kalamu. Walipokutana na erithromaisini, jeni waliyokuwa wameibeba kimyakimya ikawashwa. Jeni hiyo hubandika kijipande cha kemikali kwenye kiwanda cha protini cha bakteria, mahali hasa dawa inapojishikiza. Erithromaisini inakosa pa kushika. Azithromaisini pia. Na klindamaisini, dawa ya familia nyingine kabisa, inapotea papo hapo. Klindamaisini ndiyo madaktari huiongeza juu ya penisilini pale streptokokasi anapoingia ndani ya misuli na kumwaga sumu, wakati saa zinahesabiwa. Dawa iliyopotezwa kwa ajili ya mafua ya mtu mmoja inakosekana siku ya mtu mwingine.

Nilimuuliza sampuli ile imetoka koo la nani.

"Ni ya kidonda," alisema. "Makoo hayaletwi huku."

China, zaidi ya sampuli tisa kati ya kumi za streptokokasi huyu haziguswi na erithromaisini. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha mpya ya bakteria sugu wanaohitaji kushughulikiwa kwanza, streptokokasi wa koo aliye sugu kwa familia hii ya dawa aliingizwa.

Azithromaisini ina jambo lake jingine ambalo halisemwi dukani. Hukaa mwilini kwa siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho, ikipungua polepole. Ndiyo sababu siku tatu zinatosha kwa magonjwa kadhaa. Ndiyo sababu pia, hata ukiitumia sawasawa, bakteria wa kooni wanaishi siku kadhaa ndani ya kiasi cha dawa kisichotosha kuwaua. Ile hali ambayo Fleming aliiogopa kwa Bwana X, dawa hii inaitengeneza yenyewe kila inapoisha.

Kuna nchi moja iliyorudi nyuma. Ufini iliona mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba usugu wa streptokokasi kwa erithromaisini unapanda, ikawaomba madaktari wapunguze kuiandika kwa magonjwa ya njia ya hewa na ya ngozi. Matumizi yakashuka karibu nusu ndani ya mwaka mmoja. Usugu haukushuka mara moja, ulichukua muda, lakini kutoka asilimia 16.5 mwaka 1992 ulifika 8.6 mwaka 1996. Hakukuwa na dawa mpya. Walirudi kwenye ile ya zamani.

Majirani wa koo

Nilidhani nimeshapata picha yote. Kisha nikarudia kisa cha Bwana X na nikaona kitu nilichokiruka mara ya kwanza.

Bibi X hakufa kwa koo. Alikufa kwa nimonia.

Bakteria anayeongoza kwa kuleta nimonia naye ni streptokokasi, wa jamaa nyingine: Streptococcus pneumoniae, niumokokasi. Anaishi kwa amani puani na kooni mwa watoto wengi wenye afya. Na huyu, tofauti na ndugu yake wa mafindofindo, ni hodari kupita kiasi wa kuokota vinasaba.

Aliyeligundua hilo ni Frederick Griffith, daktari wa Wizara ya Afya ya Uingereza, jijini London. Alichanganya niumokokasi wakali aliowaua kwa joto na wengine walio hai wasio na madhara, akawachoma panya. Panya wakafa. Wale wapole walikuwa wameokota ukali kutoka kwenye maiti. Alichapisha mwaka 1928. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, katika jiji hilohilo, Fleming akaona ukungu kwenye kisahani chake. Mmoja aliipata dawa na mwingine aliuona mlango ambao usugu wake ungepitia, na hakuna aliyeweza kujua kwamba mambo hayo mawili yatakutana.

Yalikutana kooni. Humo kinywani mna streptokokasi wengine wengi, wapole, wasioumiza mtu. Kila mara tunapomeza amoksilini, hao nao wanaipata. Baadhi yao wanabadilika kidogo. Wakifa, vinasaba vyao vinaachwa vinaelea, na niumokokasi anaviokota na kuvishonea kwenye vyake kama viraka kwenye shati, hadi protini ile ambayo penisilini ilikuwa inaishika inakuwa na umbo jingine. Mwaka 1977 ikaripotiwa kutoka Durban, Afrika Kusini: watoto wenye niumokokasi wasiosikia penisilini. Kisha ikawa Johannesburg, na hao wa Johannesburg hawakusikia dawa nyingine kadhaa.

Kwa hiyo Fleming alikuwa sahihi kuliko nilivyodhani nilipokwama. Bwana X anameza dawa kwa ajili ya mkazi mmoja wa koo lake, na anayejifunza ni jirani.

Kumaliza dozi kunazuia nini?

Hapa ndipo nilipopata shaka kubwa kuliko zote, na naomba mnivumilie.

Kama majirani ndio wanaojifunza, basi dozi nzima inawafundisha pia. Siku 10 za amoksilini zinawapa majirani somo refu kuliko siku tatu. Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza waliandika katika jarida la kitabibu la BMJ kwamba ile kauli ya kumaliza dozi ili kuzuia usugu haina ushahidi imara nyuma yake, na kwa magonjwa mengi dozi fupi zinatosha. Maandishi yao yalizua mabishano, na nilipoyasoma nilielewa kwa nini tangazo la zahanati linaogopa kuyagusa.

Mimi naona tumeunganisha mambo mawili yaliyopaswa kukaa mbalimbali. Kumaliza dozi ya koo la streptokokasi ni kwa ajili ya moyo wa mgonjwa. Usugu unazuiwa mapema zaidi, kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa, kwa kutoanza dawa isiyohitajika na kwa kuchagua ile sahihi.

Na makoo mengi hayahitaji. Kwa watoto wenye maumivu ya koo, wawili au watatu kati ya kumi ndio wenye streptokokasi. Kwa watu wazima ni wachache zaidi. Waliobaki wana virusi, ambavyo antibaiotiki haivigusi. Kuna dalili za kutazama: homa, mafindofindo yenye usaha, tezi za mbele ya shingo zinazouma zikiguswa, na kutokuwapo kwa kikohozi. Mtoto mwenye koo linalouma pamoja na mafua na kikohozi, mara nyingi sana ni virusi. Bado kuna familia ambako mtoto huyohuyo hupelekwa akatwe kimeo kwa kikohozi hichohicho, na akirudi na damu mdomoni anapewa ampisilini ili kidonda kisiingie wadudu. Hilo linanikera kuliko nusu kadi.

Mtoto wa foleni ile hakuwa na kikohozi, kwa muda wote niliokuwa nimesimama nyuma yake. Alikuwa anafumba macho kila akimeza. Huenda yeye alikuwa mmoja wa wale wawili au watatu. Basi alihitaji dawa kamili, ama sindano moja. Na aliyesimama nyuma yangu, kijana mwenye mafua aliyeomba "ile ya siku tatu", pengine hakuhitaji chochote isipokuwa chai ya tangawizi na panadoli. Wote wawili walihudumiwa ndani ya dakika tano, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa afungue mdomo.

Chanjo

Nigusie hili kwa haraka kwa sababu linatia moyo. Bakteria asiyekuwepo hawezi kuwa sugu. Huko Soweto, Afrika Kusini, jaribio la chanjo ya niumokokasi lililochapishwa 2003 lilionyesha kwamba maradhi makali ya niumokokasi sugu kwa penisilini yalipungua kwa asilimia 67. Kilifi, pwani ya Kenya, chanjo ilipoanza 2011, maradhi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalishuka kwa asilimia 92. Tanzania nayo inaitoa. Ile sindano ya paja kliniki inafanya kazi ya kuzuia usugu, na akina mama wanaosubiri nayo juani wanastahili kuambiwa hivyo.

Kwa streptokokasi wa koo bado hakuna chanjo. Tuna penisilini tu.

Sampuli mbili za Seattle

Na hata hiyo, kuna habari. Jijini Seattle, Marekani, watafiti waliripoti sampuli mbili za Streptococcus pyogenes zenye badiliko moja kwenye protini ile ya ukuta wa seli. Amoksilini ilihitajika mara nane zaidi ya kawaida kuwazuia. Bado dawa iliwaua, bado wako ndani ya kipimo kinachotibika, na sitaki mtu yeyote aogope kwa sababu ya sampuli mbili. Ila niumokokasi naye alianza kwa hatua ndogo kama hizo.

Zilionekana kwa sababu mtu alizipima.

Makoo hayaletwi huku, alisema rafiki yangu. Hilo ndilo nililobaki nalo baada ya kusoma kote. Nchi zetu ndizo zenye homa ya rumatiki, ndizo zinazomeza amoksilini na azithromaisini kwa kukatiwa, na ndizo ambazo koo la mtoto halipimwi. Sidai kila mtoto apimwe; haiwezekani. Nadai vituo vichache, Dar es Salaam, Mwanza, Tabora, Mombasa, Gulu, vichukue sampuli za makoo kwa wiki kadhaa kila mwaka. Pamba ya kufutia kooni, ageri ya damu ya kondoo, kidisiki cha penisilini, kingine cha erithromaisini, na mtu wa kusoma kesho yake asubuhi. Hakuna mashine ya mamilioni hapo. Na kwenye chumba hichohicho kuwe na benzathini, pamoja na muuguzi asiyeiogopa.

Wakati tunasubiri hilo, nina ombi kwenu. Ukipita kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii, uliza kama wana benzathini penisilini leo, na ilikosekana lini mara ya mwisho. Niandikie jibu na jina la wilaya. Usitaje kituo wala aliyekujibu. Nataka tuipange orodha hiyo pamoja, wilaya kwa wilaya, halafu nitaipeleka kwa mganga mkuu wa mkoa wangu nikiwa nimeishika mkononi.